Kipande cha Pafu la Mama Solange

Jumapili. Mvua imeanza kabla ya misa na haijaacha. Barabara ya Kitshanga imefungwa na mapigano tangu jana, watu wa Burungu wamepita hapa na magodoro kichwani, na mimi, daktari mzima, nimekaa na karatasi moja niliyoisoma mara sita.

Ni majibu ya kipimo cha Mama Solange. Aliyaleta Ijumaa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, akiwa ameyaficha ndani ya shati yasilowe. Mama Solange mwenyewe tulimzika wiki tatu zilizopita.

Naandika kwa sababu nikilimeza hili litanikaa kooni.

Alikuja kwangu na kikohozi kikavu, akipumzika mara mbili kati ya lango na mlango. Nilimtibu kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Hakupona. Picha aliyopigwa Goma ikaonyesha mapafu yote mawili yamejaa makovu, na magonjwa yanayoleta makovu ya namna ile ni mengi. Nikamwambia kwamba ili tujue ni lipi, lazima tukate kipande cha pafu.

Hapo nikajiona profesa. Nikamchorea njia tatu kwenye daftari. Ya kwanza, mpira mwembamba unapitishwa kinywani hadi ndani ya pafu, na koleo ndogo inanyofoa vipande kama punje za mchele. Mgonjwa anarudi nyumbani upesi, lakini mara nyingi vipande vyenyewe havisemi kitu. Ya pili ni mpira uleule, ila ncha yake inagandisha nyama kwa baridi kali kisha inaing'oa. Kipande kinakuwa kikubwa zaidi, na damu inaweza kuwa nyingi. Ya tatu ni kupasua kati ya mbavu na kukata kipande cha kutosha. Hiyo ndiyo yenye jibu la uhakika kuliko zote, na pafu lililochoka linaweza lisiistahimili.

Mtaalamu wa ng'ambo ya mpaka alinishauri kwa simu tuanze na ya pili, au tungoje kwanza. Nilibisha, nikashikilia ya tatu. Nilitaka ajue kwamba hata huku kwenye risasi kuna daktari anayesoma.

Nilitaka jibu kuliko nilivyotaka yule mama apumue.

Yeye aliitazama michoro yangu kwa heshima. "Munganga, miye sijue mambo ya mamashini," akasema. "Fanya tu ile yenye itakupatia jibu." Kisha akaniachia jibini nzima, kama kila alipokuja. Niliila kwa raha zangu.

Alipasuliwa huko ng'ambo. Siku ya nne pumzi ikakata.

Sasa karatasi inasema pafu lake lilikuwa likipigana na vumbi alilolivuta kwa muda mrefu. Chini kabisa, mchunguzi ameuliza: mgonjwa alifanya kazi gani? Alishika nyasi zilizooza, ndege, vitu vyenye ukungu?

Nimetoa faili. Kazi: mfugaji. Ni mwandiko wangu. Huku Masisi tunamwandika hivyo kila mwenye ng'ombe, na hata ningemuuliza angejibu hivyo kwa fahari, kwa sababu kutengeneza jibini kwake kulikuwa shughuli ya nyumbani tu. Sikumuuliza.

Siku ya matanga, mvua ilinikimbiza ndani ya chumba chao cha jibini. Rafu za mbao zilifika hadi darini, jibini zimeota ukungu wa kijivu, na binti yake Solange alikuwa akizipiga brashi moja moja, vumbi la ule ukungu limetanda. Nilimuuliza kwa nini dirisha limepigiliwa mbao.

"Mama njo alilifunga, juu ya watu ya bunduki. Walikuwa wanaona fromaji pa dirisha, wanaingia kuzibeba. Hatulifungue tena."

Nikampa pole, nikatoka. Nyuma yangu alikuwa akikohoa. Nilidhani ni kilio.

Kesho, barabara ifunguliwe isifunguliwe, nitapanda kwa miguu hadi kwao. Tutatafuta pamoja namna ya kuingiza hewa bila kuita bunduki, na ile brashi nitamwomba aiweke chini. Daftari la michoro litabaki hapa. Nitamuuliza Solange anashinda akifanya nini tangu asubuhi hadi jioni, nimsikilize mpaka amalize.

Halafu itabidi nimwambie kwamba mama yake sikumuuliza.