Nati Iliyomuua Kituyi

Gereji ya Malori,
Njia ya Kaptagat,
Eldoret.
Tarehe 9 Agosti 1951

Mpendwa ndugu yangu Wanyama,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi na matope. Je, u mzima? Shemeji Nasambu na watoto hawajambo? Tunasikia huko Jinja mnakojenga bwawa la umeme mbu ni wengi kuliko watu na homa inaangusha vibarua kila wiki. Jifunikeni vizuri. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mke wangu Nelima anakohoa kwa sababu ya mvua, lakini bado ana nguvu ya kunigombeza, kwa hivyo sina wasiwasi.

Mama yako Nabwire nilimwona Jumapili nilipoteremka Kimilili. Anakula kidogo sana. Asubuhi anaenda kwenye kaburi la Kituyi na kung'oa magugu, hata pale ambapo hayajaota. Nanzala, mjane wetu, anakaa naye. Hakuna mtu anayekulaumu kwa kukosa mazishi ya mdogo wako, maana simu ilikufikia tumeshafukia.

Mahindi ya nyumbani ni mazuri mwaka huu. Ng'ombe wako yule mweusi amezaa.

Haya, salamu zimetosha. Nicholas, mtoto wa shangazi yetu, amesimama katikati ya gereji na kutusomea kwa sauti yale uliyomwandikia. Ati mwisho wa mwezi unapanda treni, unakuja na panga, na Kibet dereva hatakula Krismasi. Wanyama! Umepagawa? Ninaandika kwa hasira, ndiyo maana maandishi yangu yamekuwa ya kuku. Keti chini, usome mpaka mwisho, halafu ndipo uamue kama bado unataka kumuua mtu.

Nicholas alikuambia kwamba Kibet alikuwa amelewa. Huo ni uongo mtupu. Nicholas siku ile hakuwa hata karibu. Alikuwa mjini akipanga foleni ya kunyolewa. Kibet ni Mnandi aliyeokoka, hajaonja pombe ya busaa tangu abatizwe, na sisi sote tunamcheka kwa hilo. Kituyi ndiye aliyekuwa akimcheka kuliko wote. Walikuwa wanakula sahani moja, na mke wa Kibet, Jeruto, ndiye aliyekuwa akimpelekea Nanzala maziwa alipojifungua.

Mambo yalikwenda hivi. Walikuwa wanateremka kutoka msitu wa Kaptagat na shehena ya magogo, Kibet kwenye usukani na Kituyi kando yake. Kituyi alikuwa ameomba kwenda, alitaka kuona lori alilolitengeneza linavyotembea. Kwenye ule mteremko wa mawe mekundu usukani ukaanza kuzunguka bure, bila kushika kitu. Kibet akakanyaga breki, lakini kwa matope yale na mzigo ule breki ni nini? Lori likaacha njia, likagonga kisiki, likalala. Minyororo ikakatika. Magogo yakapita juu ya kichwa cha lori upande wa Kituyi.

Sitakuficha, wewe ni mwanamume. Kifua chake kilivunjwa chote. Hakufa papo hapo. Kibet alitoka kupitia kioo huku mfupa wa bega umetokeza kwenye ngozi, na kwa mkono mmoja akawa anasukuma magogo, anapiga kelele za Kinandi mpaka wapasuaji mbao wakasikia na kuja. Walipomfikia Kituyi alikuwa ameshakata roho. Kibet hakukubali kumwachia mtu mwingine kichwa chake akishike.

Halafu akaja kaburu mwenye kiwanda cha mbao, yule ambaye vijana wa Kinandi wamembandika jina la Chemosi, yaani zimwi. Hakumtazama marehemu. Alilizunguka lori lake, kisha akachomoa kiboko na kumchapa Kibet pale pale alipokaa, mfupa umetokeza, maiti imelala mapajani. Watu walisimama wakatazama. Mimi nilifika na lori la pili wakati anamaliza. Wanyama, nilitaka kumrukia yule mzungu nimng'ate shingo, na sikumrukia. Nilisimama kama wengine, kwa sababu askari wake alikuwa na bunduki.

Basi hasira ile tuliyoikosa kwa Chemosi ikamwangukia nani? Kibet. Tulipomrudisha gereji vijana wetu wa Kibukusu walikuwa wanangoja langoni, Nicholas mbele yao, ameshatunga ile hadithi yake ya ulevi. Walimvuta kutoka kwenye lori kwa lile bega lililovunjika. Sijawahi kusikia mtu analia vile. Wakampiga mateke ya mbavu na mdomo, mmoja akachukua nyororo ya kufungia magogo. Nikaona wanaua. Nikashika mpini wa nyundo kubwa nikampiga kwanza Nicholas, mdomoni, meno yakatoka. Wa pili nikampiga gotini. Nilipiga ndugu zangu, Wanyama, damu yetu wenyewe, na nikawaambia anayetaka Kibet apitie kwangu. Mpaka leo wengine hawaniamkii. Wasiniamkie basi!

Siku ya mazishi Kibet alikuja Kimilili na bega limefungwa kwa shuka. Alifika mpaka kwenye ua wa mama yako. Vijana wakamfukuza kwa mawe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Lile lori lilitengenezwa na Mtaliano, lilitoka Habeshi baada ya vita. Boksi ya usukani, lile sanduku la chuma linalopeleka usukani kwenye magurudumu, ilipasuka. Tulimwambia Chemosi boksi ya namna ile haipatikani hapa, aagize Nairobi. Akasema magogo yake yanaoza msituni. Akaleta boksi kutoka kwa lori la Kimarekani lililokufa zamani, akaitupa chini, akasema ifungwe leo. Kituyi akayapanua matundu kwa tupa mpaka boksi ikakaa. Bolti zilibaki zile zile za Mtaliano, kwa sababu zimeshikana na chesisi, yaani fremu ya lori. Lakini nati zake zilikuwa zimeliwa na kutu, tulizikata kwa patasi, na nati nyingine zikatoka kwa Mmarekani. Sasa bolti ni ya milimita, nati ni ya inchi. Ukiziweka nati za hao wawili mezani utaapa zimezaliwa tumbo moja.

Wewe pia ulishika spana kabla hujaenda kwenye simenti ya bwawa, unajua desturi yetu. Huku hatuulizi bolti ina unene gani au meno yake yamekaa vipi. Tunauliza inashikwa na spana gani. Unasema, nipe nati ya spana ya thirikota, yaani robo tatu ya inchi, unapewa, kazi inaendelea. Na spana hiyo hiyo iliyokuwa ikifungua nati ya Mtaliano ndiyo iliyoshika kichwa cha nati ya Mmarekani, bila kucheza hata kidogo. Ukifuata desturi yetu, hizo ni nati moja.

Lakini meno ya ndani si mamoja. Nati ile ilikuwa pana kidogo kwa ndani, ikapanda bolti kwa vidole tu, upesi upesi. Ukiibana mwishoni kwa nguvu inashika, maana ncha za meno zinakwaruzana na kukwama. Ndani ya gereji inashika vizuri kabisa. Mlimani, na mzigo unavuta na usukani unatikisika, ncha zile zinakatika na nati inateleza kama pete. Nilizitafuta mwenyewe kwenye matope baada ya ajali. Nati zimenyolewa ndani, laini kabisa. Boksi ilikuwa imeng'oka kwenye chesisi, na Kibet alikuwa ameshika usukani usiofungwa mahali popote. Hata ungekuwa wewe, hata angekuwa malaika, lori lile lingeanguka.

Sasa utauliza ni nani alizibana. Wanyama, ndugu yangu, piga moyo konde. Ni Kituyi. Mimi nilikuwa chini ya lori la pili, karibu naye, ninazisikia nati zikilia. Chemosi alikuwa nyuma yake na kile kiboko, ameshamwasha mgongoni mara moja kwa ati kuchelewa, na Kituyi akavuta spana kwa nguvu zake zote, akapiga kelele, "Imekubali!" Sauti ya furaha kabisa. Halafu akamwita Kibet aje kuwasha. Mkono ule haukuwa wa mlevi wala wa adui. Ulikuwa mkono wa mdogo wako, na alifanya vile sisi sote tunavyofanya kila siku.

Mama yako sijamwambia. Nanzala sijamwambia. Kibet anajua, maana nilimwonyesha zile nati hospitalini. Alizitazama sana, akasema, "Usimwambie mama yake. Wacha waseme ni mimi." Nikatoka nje nikalia, Mungu ananiona.

Kama unatafuta mtu wa kumchukia, Chemosi yupo, mchukie, mimi nitakusaidia. Lakini ukimgusa kwa panga watakunyonga, na Mama Nabwire atang'oa magugu kwenye makaburi mawili.

Nilimwambia Kibet unakuja. Nilimsihi aende kwao akajifiche mpaka upoe. Akakataa kabisa. Alisema, "Mtu aliyefiwa na ndugu yake akishuka kwenye treni asinikute, atanitafuta nyumbani, na nyumbani kuna Jeruto na mtoto. Afadhali anikute pale pale." Kwa hivyo mwisho wa mwezi Kibet atakuwa stesheni ya Eldoret, peke yake, na mkono mmoja usioinuka. Hana hata fimbo. Nimemtukana mpaka nimechoka, hasikii.

Basi na mimi nitakuwa hapo, mbele yake. Ukishuka na panga, anza na mimi, na ujue sitakuachia kirahisi, nimeshawapiga ndugu zangu mara moja kwa ajili ya mtu huyu na ninaweza kupiga tena. Ukishuka mikono mitupu, tutateremka wote watatu mpaka Kimilili, na utamshika Kibet mkono mpaka ndani ya ua wa mama yako, ili kila mtu aone. Mtu huyo alimpakata Kituyi akiwa maiti, na hajaruhusiwa kumlilia.

Nisalimie Nasambu sana, mwambie Nelima anamshukuru kwa kile kitambaa. Wasalimie watoto na Wabukusu wenzetu wote wa hapo bwawani. Mama Tryphosa wa kanisani anakuombea, nasi pia. Mungu akutangulie njiani, na akunyang'anye lile panga kabla hujafika Tororo.

Ni mimi ndugu yako ninayekupenda, na ambaye siku hiyo sitahama pale stesheni,

Nicanor