Mvua za Huko Kwenu

Mvumi, Chamwino
11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na biashara yako ya mawe inakwenda vizuri. Sisi hatujambo. Leo nimeamua kukuandikia kila kitu, hata yale ambayo Mama amenikataza, nawe nakuomba unijibu hivyo hivyo, bila kuficha.

Niko kidato cha tatu sasa, bwenini. Simu haziruhusiwi, ndiyo maana barua hii nampa Baba Msafiri, mwenzako wa biashara, anayekuja huko na mzigo wa mawe. Mvua mwaka huu zimezidi, ukuta wa jikoni ulianguka, mimi na Mama tukausimamisha upya. Mama Mdogo Edina amefungua mgahawa Mtumba, kule Dodoma mjini, karibu na ofisi za wizara. Anamwita Mama wafanye kazi pamoja, na chumba cha kulala kipo. Mama amekataa. Alisema, "Nikodemo akirudi akute kufuli?" Hilo ndilo nililokatazwa kukuandikia.

Mwalimu Devota wa Jiografia ametutaka kila mmoja achague nchi aiandikie insha ndefu ya kukabidhi mwakani. Nimechagua Thailand kwa sababu baba yangu yuko huko. Nieleze milima, mito, historia na watu. Usiache kitu.

Na utarudi lini?

Mwanao,
Hilaria

*

Chanthaburi, Thailand
20 Aprili 2024

Mwanangu Hilaria,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha moshi, maana mawe huku huchomwa kwenye tanuru ili rangi ikolee. Poleni kwa ukuta.

Nchi hii wanasema ina sura ya kichwa cha tembo, mkonga umeshuka kusini kati ya bahari mbili. Kaskazini ni milima. Katikati kuna tambarare ya mto wao mkubwa, Chao Phraya, na mpunga hadi macho yanachoka. Kaskazini mashariki ni uwanda wa juu, mkavu, unaoitwa Isan. Nilipopita huko nilidhani niko Bahi: vumbi, ng'ombe, na watu wanaotazama mawingu. Mpakani upo mto Mekong, na ng'ambo ni Laos.

Mji wao mkuu wa zamani, Ayutthaya, uliangushwa na Waburma mwaka 1767. Jemadari mmoja, Taksin, akakimbilia hapa hapa Chanthaburi, akakusanya askari na kurudi kuwafukuza. Bangkok ikawa mji mkuu mwaka 1782. Nchi iliitwa Siamu hadi 1939. Hawakutawaliwa na Wazungu, ingawa Wafaransa waliwahi kuushikilia mji huu kwa miaka kadhaa.

Watu wao wengi ni Wabudha. Alfajiri watawa hupita na bakuli wakipewa chakula. Kumwamkia mkubwa, unakutanisha viganja na kuinama. Kila mtu ana jina refu la kwenye vyeti na jina fupi la nyumbani. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja, anaitwa Nok, yaani ndege. Wiki iliyopita ulikuwa mwaka mpya wao, wakashinda barabarani wakimwagiana maji. Nikawakumbuka ninyi na madumu yenu.

Nitarudi mawe yakitoka vizuri. Mwambie Mama asubiri kidogo.

Baba yako,
Nikodemo

*

Mvumi
14 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepona? Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Mama alishangaa kuhusu maji: "Wanamwagiana? Maji safi? Na hakuna anayewagombeza?" Akacheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo siku nyingi.

Nimebakiza sehemu ya majira. Je, mvua huanza lini huko? Mama anasema atasubiri.

Mwanao,
Hilaria

*

Chanthaburi
15 Desemba 2024

Hilaria,

Hujambo? Samahani nimekawia, shughuli ni nyingi.

Uliuliza majira. Huku kwetu mvua huanza mwezi wa tano, mashamba ya mpunga yakajaa maji, na hukoma mwezi wa kumi. Sasa kuna kibaridi, hatuwashi feni. Tuna tunda letu liitwalo duriani, linanuka vibaya, lakini ukilizoea huliachi. Tukikutana asubuhi hatuulizani hali, tunaulizana, "Umeshakula wali?" Mtoto nimemfundisha kusema shikamoo. Anasema "chikamu", tunacheka wote. Nok anakusalimu.

Huko kwenu mvua zimeanza?

Ni mimi,
Nikodemo

*

Mvumi
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo. Niko nyumbani kwa likizo fupi, na bado nashika ahadi yangu ya kukueleza kila kitu.

Mwalimu Devota aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Alipofika kwenye majira akasimama. "'Huku kwetu mvua huanza mwezi wa tano.' Kwetu wapi, Hilaria? Mvumi hii?" Darasa zima likaangua kicheko. Denis akapaza sauti, "Mwalimu, huyo Mthai, tumekaa naye tu hatujui!" Tangu siku hiyo nikipita wananikutanishia viganja na kuinama. Nilikuwa nimenakili maneno yako kama yalivyo. Mwalimu alinipa alama za juu kuliko wote, na neno "kwetu" akalizungushia wino mwekundu.

Nikarudi kuzisoma barua zako upya. Mwezi wa nne mwaka jana uliandika "mto wao", "watu wao", "mwaka mpya wao". Desemba ni "tunda letu". Mwezi wa nne Nok alikuwa mwenye nyumba wako. Desemba ni Nok tu, na mtoto ni mtoto tu, kama mtu anavyosema akiwa kwake.

Juzi Mama aliniomba nimsomee. Alikuwa anapepeta uwele. Nilipofika kwa Nok na mtoto nikaruka. Nilipofika kwenye mvua nikasoma, "Huko nyumbani mvua zimeanza?"

"Rudia hapo pa mvua," akasema bila kuinua kichwa.

Nikarudia.

"Imeandikwa 'kwenu'," akasema. "Msafiri alipitia hapa kwanza kabla ya kukupelekea shuleni, na bahasha haikubandikwa. Darasa la saba nilimaliza, mwanangu."

Nikalia. Yeye hakulia. Alipepeta mpaka ungo ukabaki safi, ndipo akasema, "Hata mpita njia anayeomba maji husema 'hapa kwenu', maana amesimama uani. Huyu hata uani hayupo."

Mama Mdogo Edina amekuja tena. Chumba bado kipo. Mama hakusema ndiyo wala hapana, ila kesho yake alinunua kufuli. Liko mezani, bado limo kwenye karatasi yake. Nilimwambia akuandikie mwenyewe. Akanijibu, "Mume sijui kama ninaye. Wewe baba unaye. Muulize wewe."

Mvua zilikuwa nzuri, Baba, na uwele umejaa. Sikuulizi tena utarudi lini. Huyo mtoto simuulizi ni wa nani, ila mwambie shikamoo yake imenifikia, na mimi dada yake nasema marahaba.

Baba Msafiri anasafiri Alhamisi, na ameahidi hataondoka huko kabla hujampa jibu. Usiandike habari za nchi, zimetosha. Niandikie hili moja: Mama afunge nyumba, au hapa bado ni kwenu?

Mwanao wa Mvumi,
Hilaria