Namba Zangu Tulivu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nina mafua kidogo ambayo hayanizuii kula. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba unamwachia fundi mwenzako abebe mbao nzito, ingawa nakujua. Mwambie Mama sweta limefika na linanitosha hadi mikono.

Barua yako imenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kulikoni. Eti karakana nzima inajua kwamba binti yako amegundua namba mpya, na mteja wa makabati ameuliza zitaingia lini madukani! Baba, na wewe kwa kutia chumvi. Lakini swali lako la mwisho halikuwa la mzaha. Umetaka kujua kama nimepata ile nafasi ya kuendelea hadi udaktari wa hisabati. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo, maana nikianza na jibu utaikunja barua kabla ya kusoma sababu.

Tasnifu yangu, kama nilivyokueleza, ilihusu namba zinazotimiza masharti matatu. Nikaziita namba tulivu. Mwaka mzima nimethibitisha sifa zake, moja tamu kuliko nyingine. Msimamizi wangu, tunayemwita Bwana Kwa Nini, alikagua kila mstari, akauliza kwa nini zake zote, akaridhika. Aliniambia nikiitetea vizuri mbele ya jopo, nafasi ni yangu. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Kabla ya utetezi nikapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule ya sekondari. Darasa langu lina dirisha lisilofungika, na ubao umechakaa katikati kiasi kwamba chaki inateleza tu. Siku moja mwalimu mwenyeji aliniomba niwaeleze wanafunzi kile ninachosoma chuoni. Nani kama mimi! Nikaandika masharti yangu matatu pembeni ya ubao, nikawamwagia sifa za namba tulivu. Wakanisikiliza vizuri. Kisha msichana mmoja, wanayemwita Wakili kwa ubishi wake, akanyoosha mkono na kuomba nimwonyeshe namba tulivu moja. Moja tu, hata iwe ndogo.

Nikamwambia tutaiona kesho. Ukweli ni kwamba sikuwa nayo. Nilizama kwenye sifa zake hata sikuwahi kukaa nikaitafuta yenyewe. Jioni ile nilijaribu, chai ikapoa mezani. Kesho yake nikajitia kusahau, naye Wakili akanikumbusha mbele ya wote. Jumamosi nikayakunjua yale masharti taratibu, moja baada ya jingine. Mawili ya kwanza yanailazimisha namba iwe shufwa. La tatu linaitaka iwe witiri. Baba, namba tulivu hazipo. Haipo hata moja.

Cha ajabu ni kwamba kila nilichothibitisha ni kweli. Ni sawa na wewe useme watoto wako wote wa kiume ni marubani. Nani atakupinga, na umezaa mabinti watupu?

Ningeweza kunyamaza. Msimamizi alishatia saini, na hakuna aliyeshtuka. Lakini nilishindwa hata kula, nikaenda ofisini kwake nikamwaga yote. Alivua miwani, akaipangusa, akaangua kicheko mpaka katibu wake akachungulia mlangoni. Alisema na yeye imempita machoni, na kwamba ajali hii huwapata watu wa hisabati peke yao, hasa wanaoupenda mno uthibitisho wao. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza jopo nitaliambia nini.

Nililiambia ukweli. Nikaandika nusu ukurasa unaothibitisha kwamba namba hizo hazipo, nikakaa. Nimefaulu, Baba, kwa daraja la kawaida. Utakuja kwenye mahafali.

Sasa jibu lako. Jopo lilisema nusu ukurasa hautoshi kunipa nafasi ile, ila nikikaa mwaka mmoja zaidi, nikabadilisha sharti moja na kuanza upya, wataniwekea. Nilishukuru, nikakataa. Sikunyimwa, nimekataa mwenyewe, na sikukuuliza kwanza. Nilijua ukisema hapana nitakutii, na nisingekuwa na raha.

Maana nilirudi kule darasani, Baba. Niliwaambia nimekosea, nikawaachia chaki watafute wenyewe kosa liko wapi. Walibishana, wakafuta, wakaandika hata pale kwenye ubao mbovu. Walipoliona, darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Wakili alijigamba kwamba alishuku tangu mwanzo, na nadhani ni kweli. Mwaka mzima wa namba tulivu haukunipa furaha kama ya kipindi kile kimoja. Mkuu wa shule ameniomba nibaki, nami nimekubali kwa moyo mweupe.

Najua ulishazoea kuniita Daktari mbele ya wateja. Naomba unisamehe kwa hilo tu, si kwa mengine. Msalimie Mama, dada zangu na wote hapo karakana. Wakikuuliza zile namba ziko wapi, waambie binti yako amethibitisha kwamba hazipo, na wakicheka, cheka nao.

Kitindamimba wako,
Mwalimu