Duce, Farasi na Baba wa Onorina

Jumanne, 3 Juni 2014

Mvua ya jana imepenya darini na kuteremka ukuta wa nyuma wa ukumbi wa dansi. Asubuhi nimefungua nifagie — chokaa yote iko sakafuni, vipande vipande. Na ukutani, matako ya farasi. Makubwa, ya kahawia, yamechorwa vizuri kabisa. Nimevuta kiti nikayatazama. Miaka yote hii napiga kodiani mbele ya ukuta huu, kumbe nyuma yangu kuna mnyama.

Nimemwita Tullio seremala. Kasema farasi mwenye tandiko ana mwenyewe, tukwangue tumwone. Nimekataa. Kisha nimekwenda kuleta mwiko.

Alhamisi, 5 Juni

Tumempata mwenyewe. Kilitangulia kidevu. Ni Duce, dikteta wetu wa zamani, juu ya farasi, kidevu kimetoka nje kama droo iliyosahauliwa wazi. Mbele yake wakulima na miganda ya ngano, wote mkono juu wakimsalimu. Ukumbi waliujenga watu wake, wa mashati meusi, hilo kila mtu Valmorana analijua. Ila tuliamini kwamba baada ya vita picha ilikwanguliwa. Wapi. Walipaka chokaa juu, wakaenda zao kunywa.

Babu yangu walimnywesha mafuta ya nyonyo hapo mlangoni, siku ya soko, kwa sababu ya mzaha mmoja. Akarudi nyumbani suruali imeharibika na mji mzima unatazama. Kwetu habari hiyo husemwa kwa sauti ya chini mpaka leo. Kwa hiyo nimemwambia Tullio alete ndoo. Tunamzika tena, basi.

Lakini Ivana, meya wetu, ametokea. Hakuna kugusa — ni kitu cha zamani, sheria inakilinda, lazima kwanza baraza likae na wakubwa wa mkoani waulizwe. Nikamuuliza, na dansi ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio? Akasema nipige nyimbo za haraka, watu wasipate nafasi ya kutazama juu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa mji mzima umehamia ukumbini. Watoto wanampigia Duce miluzi. Mchinjaji anasema paja la farasi limekosewa. Nilikuwa nacheka na wenzangu, mara watu wakaanza kupisha njia.

Mama Onorina, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa amesogea mpaka ukutani, pembe ya kulia, kwa mkulima wa mwisho. Mkono mmoja mdomoni. Nikadhani anaumwa, nikamshika kiwiko.

"Loris," akasema, "huyu ni baba."

Sante, baba yake, alikuwa akipeleka mikate milimani kwa wapiganaji waliojificha. Mwaka arobaini na nne wale wa mashati meusi wakamchukua, wakampakia kwenye treni ya kaskazini, hakurudi. Nyumba wakaichoma. Picha zote ziliungua humo. Onorina alikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Ameniambia sauti anaikumbuka, viatu anavikumbuka, uso ulikuwa umemtoka akilini kabisa.

Sasa uko pale, mkubwa kama dirisha. Na mkono juu kama wengine. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kuhusu ule mkono. Onorina hajawa kiziwi.

"Mchoraji alimlipa mfuko wa unga asimame hivyo," akasema. "Jioni mama alimkanda bega kwa mafuta ya moto, na baba anamtukana Duce kila kidole kinapombonya. Tulikula unga ule mpaka Pasaka."

Halafu akamwita Giusto, mwanawe, mtu mzima wa ndevu za mvi, akamgeuza kichwa upande kama anachagua tikiti sokoni. Pua ni ileile. Ileile kabisa, na kibonde chake katikati.

"Maskini mume wangu," akasema. "Maisha yake yote nimemsingizia hiyo pua."

Ukumbi mzima umevunjika mbavu. Na mimi. Lakini ndoo ya chokaa iko pale karibu na mlango, na ni mimi niliyeagiza iletwe.

Jumatano, 11 Juni

Picha imefika magazetini. Leo wamekuja vijana wawili na gari kutoka mbali, vichwa vimenyolewa, wamebeba shada la maua lenye utepe mweusi. Wakasimama mbele ya ukuta, wakapiga visigino, mikono juu. Nikashika ufagio. Nilishachagua nani wa kuanza naye.

Onorina alikuwa kwenye kiti chake na sindano za kufumia. Huja kila siku sasa.

"Wanangu, shusheni mikono. Mnanizibia baba yangu."

Wakageuka. Mmoja akauliza kwa heshima kubwa ni yupi. Akamwonyesha. Kijana uso ukamng'aa: kumbe baba yako alikuwa wetu, bibi?

"Baba yangu alikuwa na njaa. Alilipwa unga. Ninyi mmelipwa nini?"

Yule mwingine akatazama viatu vyake. Onorina akaongeza kwamba wenye picha hiyo ndio waliomuua aliyemo, na kama wanataka kumsalimu, wavue kofia, inatosha. Hawakuwa na kofia. Walitoka wakiacha maua. Onorina akakata utepe kwa mkasi wa uzi, akaniambia nitafute chombo chenye maji. Maua hayana kosa. Yako kwenye meza ya vinywaji. Yanapendeza, kwa kweli.

Nimerudisha ufagio mahali pake.

Alhamisi, 12 Juni

Baraza. Nilipangiwa kusema kwa niaba ya wacheza dansi: picha ifunikwe. Nilisimama. Nikaanza na babu. Nikasimulia yote, pamoja na suruali, mara ya kwanza mbele za watu, na hakuna aliyecheka. Halafu badala ya kumalizia nikajisikia nasema: mfunikeni Duce na farasi wake, mwacheni Sante.

Kelele. Ivana akasoma jibu la mkoani: kukata picha ni marufuku. Yote ionekane au yote izibwe. Wakapiga kura. Yote izibwe kwa mbao, kesho kutwa asubuhi, kabla ya dansi, ili wale wa maua wasipate pa kuja. Ivana mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Kazi kapewa Tullio.

Onorina aliniomba nimpeleke nyumbani na njiani akanisifia babu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika stoo, kwenye kreti ya mvinyo, wenzangu wamepumzika kupiga. Jua bado liko madirishani.

Tullio alianza asubuhi upande wa kushoto. Farasi amekwenda, Duce amekwenda, kidevu na vyote. Halafu kahawa. Halafu misumari haikuwa yenyewe, akarudi nyumbani kuibadilisha. Halafu chakula cha mchana, na Tullio hali haraka. Dansi ilipoanza, mbao zilikuwa zimefika katikati ya ukuta, na kulia wakulima wote wako wazi, na Sante wao wa mwisho. Bila Duce mbele yao, wanaonekana kama wanasimamisha basi.

Watu wanacheza. Nimepiga polka mbili na hakuna aliyetazama miguu yake.

Sasa hivi Ivana ameingia. Nachungulia mlangoni. Ametazama ukuta muda mrefu. Kamuuliza Tullio mbona kazi haijakwisha. Tullio, kofia mkononi, mtakatifu mtupu: mbao zimemwishia, Mheshimiwa.

Mbao hazijamwishia. Zimepangwa vizuri chini ya ukuta, kitambaa cha meza juu yake, na Onorina amekaa juu ya kitambaa, mkoba magotini, gauni lake la kijani.

Ivana anazunguka ukumbini anasalimia. Amefika pale. Anainama, ananyoosha mkono, anamwomba mama Onorina wacheze pamoja wimbo unaofuata. Onorina anasema magoti yanamsumbua leo. Ivana anacheka, hauondoi mkono. Anasema basi, atakaa naye kidogo. Anashika pembe ya kitambaa, anaivuta mpaka inafunika ubao uliokuwa umechungulia —

Wananiita. Nichukue kodiani.