Wifi, Makofi Yale Hayakuwa ya Kukufukuza

Mpendwa wifi yangu,

Assalamu alaykum. Hooyo, mama yetu, anakusalimu na anauliza kama maji ya huko kwenu Tarbaj bado yana chumvi. Mimi pia nakusalimu, lakini salamu zangu zina kinyongo, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeamua kukuandikia hadharani. Wanawake wengine wakisoma, wasome. Mambo yenyewe ni yao pia.

Jana kaka yangu, mumeo, alitoboa siri. Nilimpigia kumuuliza kama mwaka huu utakuja kwenye mkutano wetu wa ngoma. Akazungukazunguka na habari za mbuzi, mwishowe akasema, kwa ile p yetu ya Kisomali inayogeuka b, "Abaayo, dada yangu, huyu hawezi kuja. Anasema siku ile mlimbigia makofi akiondoka." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilikaa juu ya gunia la mchele pale dukani, nikamsahau kabisa mteja aliyekuwa akingoja sukari. Kumbe muda wote huu umekuwa ukibeba neno hilo kifuani, na mimi huku nakulaumu kwa uvivu wa safari.

Ngoja nikukumbushe tulikotoka, maana naona umesahau.

Ulikuwa ukifanya kazi kliniki ya Dagahaley, ukiwasaidia kina mama wenye maumivu ya mgongo kufanya mazoezi. Akaja mwalimu mgeni, akawafundisha ngoma isiyo na hatua za kukariri wala wimbo: watu wawili wanaegemeana, mmoja anampa mwenzake uzito wake, na miili inakwenda inakopelekana. Uliporudi nayo kwetu Iftin, mtu wa kwanza kufanyiwa majaribio nilikuwa mimi, uani kwetu, mikono yangu bado ina unga wa anjera. "Kaa chini. Nipe mgongo," ukaniambia. "Usisukume, usivute. Nisikilize tu." Nikakuuliza mtu anasikilizaje kwa mgongo. Ukasema, "Ukinyamaza utajua."

Nikanyamaza, nikahisi unavyopumua. Tulikuwa tumekaa nyumba moja tangu uolewe, tumegombania sufuria, tumemgombania kaka yangu, lakini siku hiyo ndiyo niliyokujua. Ulipoinama mbele nikajikuta nimelala juu yako natazama mawingu, nikacheka mpaka Hooyo akatoka kuuliza kama tumerukwa na akili.

Kutoka uani kwetu ngoma ikakua, ikawa mkutano mzima. Kila mwaka baada ya Idi, shule zikifungwa, tunapewa ukumbi wa shule ya wasichana. Mashuka madirishani, simu zote ndani ya karai mlangoni, mwanamume hata kivuli hakuna. Wanawake wanatoka Iftin, wanatoka Dagahaley. Na kwa sababu Kanini, yule fundi cherehani wa kutoka Mwingi, na wenzake hawajui Kisomali, ukumbini tukawa tunasema Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake. Hooyo, aliyekuwa amesema huu ni upuuzi mtupu, alikuja mwaka wa pili na fimbo yake, akaketi katikati ya mkeka, akamwambia Kanini, "Nibe mgongo." Kanini akamtazama. "Nikuibe mgongo niupeleke wapi, mama?"

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, na wewe ulicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo maneno hayo yakawa yetu. Tukitaka kumshukuru mtu, au kumwambia tuko naye hata kama hatukubaliani, tunasema, "Nakupa mgongo." Na anayesema hivyo hupigiwa makofi. Wewe ndiye uliyeanzisha makofi hayo, wifi.

Sasa ikumbuke ile siku yako ya mwisho. Yule mama wa ofisi inayotuombea ukumbi alikuja kutusaidia, maskini, kwa moyo mweupe. Alituahidi hema, spika, jukwaa na viti vya plastiki. Ukamweleza kwamba ngoma hii haina watazamaji. Akauliza, "Sasa wageni wataketi wapi?" Ukamjibu, "Chini." Lakini wanawake wakasema magoti yanauma, viti si vibaya, tumkubalie. Ukasimama, ukakaza mtandio wako, ukasema polepole, "Sawa. Basi mimi nawapa mgongo."

Tukapiga makofi. Kanini akapiga vigelegele. Wifi, tulidhani umetubariki! Tulidhani umemeza hasira, kama ulivyotufundisha. Nani angejua kwamba dakika ile umehamia Kiswahili cha watu wengine, wale ambao kwao kumpa mtu mgongo ni kumtupa? Ulipotoka nilidhani unakwenda kuswali. Haukupita muda ukapanda basi kumfuata mumeo Tarbaj, ukasema ni kwa msimu mmoja tu, na misimu imepita.

Nimekasirika, na nitakwambia kwa nini. Wewe uliyetufundisha kusikiliza hukugeuza hata shingo uone nyuso zetu. Ungeuona uso wangu ungejua. Nimekasirika kwa sababu umekaa na jambo hili badala ya kunitukana, na matusi yako nimeyazoea.

Tena hujui ulichotuachia. Mwaka jana viti vilijaa mpaka pa kutandika mkeka pakakosekana. Palikuwa na hotuba, ikafuatiwa na hotuba nyingine ya kuishukuru ile ya kwanza. Wasichana waliovaa sare wakapanda jukwaani kuonyesha ngoma yetu, na walikuwa wameifanyia mazoezi, hatua kwa hatua! Ngoma ya kutojua kitakachofuata! Mpiga picha alipoingia, kila mwanamke akavuta mtandio na kukaa wima kama yuko kwa daktari. Hooyo alizunguka na fimbo yake akiuliza, "Mkeka uko wabi?" Mimi nilikwenda nyuma ya spika, nikaegemea ukuta. Nilikaa pale nikijaribu kusikiliza. Ukuta haupumui, wifi.

Mwaka huu ofisi imesema kutakuwa na majaji, na wawili watakaoshinda watapewa blanketi. Kanini ameniambia wazi: "Akija wifi yako tunarudi kwenye mikeka. Asipokuja, mimi na wenzangu tumeacha." Wengi wako upande wake. Wakiacha, huo ndio mwisho wa mkutano, na utakuwa umekufa kwa sababu ya neno moja lililosikika vibaya.

Kwa hiyo leo asubuhi nimefunga duka nikaenda ofisini mwenyewe. Unanijua, mimi nikisema jambo watu hudhani natania. Lakini nimemwambia yule mama hatutaki viti, hatutaki majaji, hatutaki spika, na tunamshukuru sana. Akauliza wageni wataketi wapi. Nikamwambia, "Chini." Amenuna. Sijui kama mwakani atatuombea ukumbi tena, na kusema kweli naogopa.

Mkutano ni Jumapili ijayo. Mikeka nimeshaitoa, iko juani. Kaka yangu nimemwambia mbuzi hawatakufa ukikosekana, na amekubali. Kama bado una uchungu, njoo nao; kama bado una aibu ya kuingia, basi nimeifikiria pia. Nitaketi katikati ya ukumbi, mgongo wangu ukielekea mlangoni. Sitageuka, na nimewakataza wote kupiga makofi. Ingia, vua viatu, keti nyuma yangu. Usiseme kitu. Mgongo wa Hooyo naujua, wa Kanini naujua, na wako nitaujua kabla hujakaa sawasawa.

Ufike salama,

Wifi yako wa Iftin