Bi Leo na Siku ya Mahafali Yako

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba na watoto hawajambo? Na mgongo wako umetulia, au bado unakusumbua ukikaa sana garini? Sisi huku tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama sasa anakula, kidogo kidogo. Juzi alinigombeza kwa kuacha mlango wazi, nikajua anapata nafuu.

Najua ilikuuma kutofika kumzika mama yako. Usijilaumu, karatasi za safari hazisikii kilio cha mtu. Nimeona heri nishike kalamu, maana kwenye simu tunaishia kulia wote wawili na hakuna linalosemwa.

Bibi ametuacha akiwa na miaka themanini na minane. Thelathini na mmoja aliitumikia ofisi ya ustawi wa jamii, katika kile chumba cha mwisho kwenye korido, chenye kabati la chuma lisilofunga na benchi lisilokosa watu. Jina la Bi Leo alipewa na watu wa benchi lile. Kwenye milango mingine yote waliambiwa waje kesho, yeye alivuta kiti na kusema, "Leo. Anzia mwanzo."

Kustaafu hakukumtoa kazini. Akija kwetu wajukuu, hafiki kutembea, anafika kukagua. Atafunua sufuria, atachungulia chini ya kitanda, kisha atamwita mtoto pembeni amuulize kama analala vizuri. Mume wangu alikuwa akisema kwamba Bibi akipiga hodi tu, yeye anajiona mshitakiwa. Siku moja Bibi alimsikia. "Mkwe wangu," akamwambia, "mwenye hatia hukimbia bila kufukuzwa." Tangu hapo wakawa watani wasioachana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa, na nakuomba usinikasirikie. Ukoo mzima unajua ulichosema zamani, kwamba mama yenu alikuwa mama wa watu wote isipokuwa ninyi. Tunajua pia kidonda hicho kilianzia wapi: siku ya mahafali yako ya shule ya msingi, ulipoitwa mbele kupokea zawadi ya hesabu, na kiti chake kikabaki kitupu.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, alinifuata mama mmoja mrefu mwenye viganja vigumu. Kumbe ndiye anayeendesha lile greda linalotengeneza barabara yetu. Alikuwa na wadogo zake wawili, watu wazima nao. Akaniambia, "Bibi yako ndiye aliyefanya sisi tuwe ndugu." Nikamwomba aketi.

Alikuwa na miaka tisa walipobaki yatima. Baba yao alitangulia, na mama akafuata mwaka huohuo. Ofisi ilikuwa imepata nafasi mbili kwenye makao ya wasichana, na moja kwenye makao ya wavulana katika mji mwingine kabisa. Kilichobaki ni saini ya Bibi, na Bibi hakuitia. Mkuu wake akamwambia sheria haisemi kwamba ndugu lazima wakae pamoja. "Wala haisemi lazima watenganishwe," Bibi akajibu. "Nipe wiki mbili." Akapewa siku kumi.

Aliulizia mlango kwa mlango katika mtaa aliokulia baba yao, mpaka akampata shangazi yao, fundi cherehani, ambaye hakuwa akisemezana na kaka yake kwa miaka saba. Mara ya kwanza shangazi alimfungia mlango. Mara ya pili alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, "Aliyenitukana mbele ya watu asiniachie wanawe."

Siku ya kumi, siku ya mwisho, Bibi alirudi na kitambaa cha gauni. Fundi hafukuzi mteja. Yule shangazi akaanza kumpima, mabega, mikono, kiuno, na Bibi hakumtetea marehemu hata kwa neno moja. Aliomba tu asimuliwe ule ugomvi, tangu chanzo chake. Shangazi mwenyewe aliwahadithia watoto mara nyingi jinsi alivyosema mchana kutwa, na yule mgeni akasikiliza mchana kutwa, hana haraka. Maneno yalipomwishia, akaketi kwenye kiti cha cherehani, akalia, kisha akauliza, "Yule mdogo ana miaka mingapi?"

Kabla jua halijatua, watoto watatu walikuwa wamekaa sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa, wanakula.

Shangazi yao aliwapigisha picha ya pamoja wiki ile, akaandika nyuma yake tarehe waliyofika. Yule dereva wa greda anatembea nayo kwenye pochi. Niliisoma ile tarehe mara mbili. Mjomba, ni tarehe ya mahafali yako, ile usiyoacha kuitaja.

Sikuandikii haya ili uone ulikosea kuumia. Bibi mwenyewe hakuona hivyo. Wiki mbili kabla hajafariki, nikimpaka mafuta miguuni, alisema, "Siku ile ya shule nilimkosea mjomba wako." Nikamwambia alikuwa kazini. Akatikisa kichwa.

"Kwenda ilikuwa lazima. Lakini nilirudi nimechoka, nikamkuta amenuna, nikajisemea atazoea. Watoto wa watu niliwaeleza kila kitu. Wangu sikumweleza."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia miaka yote hii. Akasema, "Aibu, mjukuu wangu. Hata mzee huona aibu." Alikuwa ameomba nikufikishie, na mimi nikawa nangoja siku nzuri. Nisamehe kwa kuchelewa.

Namwona mkubwa zaidi tangu nisikie hayo. Wengi wana huruma siku ya kwanza. Yeye alikuwa nayo hata siku ya kumi. Na alijua kulitaja kosa lake bila kujificha nyuma ya wema wake.

Mama anakukumbatia. Mume wangu anakusalimu sana, na fundi viatu jirani anatoa pole. Anasema soli za Bibi zilimpa kazi kuliko mtaa mzima. Wabusu binamu zangu, na umwambie mkaza mjomba asichoke kukubembeleza. Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe usingizi mwema, na akulete nyumbani salama njia ikifunguka.

Picha iliyomo kwenye bahasha si yangu. Nilipomweleza dereva habari zako, aliitoa kwenye pochi, akanikabidhi. "Hatukujua," akasema, "kwamba siku ile tulimwazima mama wa mtu. Mwambie na yeye tunamshukuru."

Mpwa wako akupendaye daima,
Kasuku wako wa maneno mengi.