Ng'ombe ya Benki

Cate, ile ng'ombe imekufa. Hapa kwa gate yetu Salgaa, asubuhi hii. Mathe hata hajalia.

Unakumbuka ile ya kwanza? Benki ya mjini ilimkopesha mathe pesa, akanunua mwenyewe, ikafa wiki ya pili. Akalipia ng'ombe ambayo haipo miaka miwili. Ndio maana safari hii alienda kwa benki ya Kiislamu. Hawa hawakupi pesa. Wananunua ng'ombe wao kwanza, halafu wanakuuzia kwa bei mmekubaliana.

Sasa ofisa wao, Bwana Noor, ameileta na pickup kutoka Molo, ameshika kamba njia yote. Na suti! Mathe akamcheka, "Niachie ng'ombe yangu, utachafuka."

Akasema, "Bado, mathe. Mpaka uikague uweke sahihi, ni ya benki."

Ikashuka. Ikatembea hatua tatu. Ikapiga magoti, Cate, ikalala.

Mathe akakimbilia kamba. Unamjua, hawezi kuacha mnyama akate roho mikononi mwa mgeni. Noor akaivuta nyuma. "Mathe, usishike! Ukiipokea, hasara ni yako."

Usishike. Mathe akabaki amesimama, mkono hewani.

Noor na dereva wameibeba wakaenda nayo. Hatudaiwi kitu. Majirani wanakuja kumpongeza.

Yeye ameketi kwa mlango wa boma, anaangalia ile ndoo mpya ya maziwa alinunua juzi. Ananiuliza, polepole tu, "Na hii, naruhusiwa kushika?"